Viazi viko saa ngapi? Nilivyokula gizani Zürich

Nianze na mama, maana yeye ndo alinivunja mbavu kabla hata sijala. Nilimpigia kutoka Zürich nikamwambia mama leo jioni tunaenda kula kwenye mgahawa ambao ndani ni giza totoro, huoni hata kidole chako, na watu wanalipa hela nzuri tu na nafasi mpaka uweke mapema. Akanyamaza kidogo. Afu akasema, "Yaani mmepanda ndege kwenda kununua giza? Hapa Tanga umeme umekatika tangu magharibi, ungebaki ukala bure."

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Nilikuwa kule wiki mbili kwa kozi ya kazini, na badala ya kukaa hotelini nikafikia kwa Da Zena, mtoto wa mama mkubwa, kaolewa huko miaka mingi na watoto wake wanaongea kile Kijerumani cha Uswisi ambacho nasikia hata Mjerumani mwenyewe anakuna kichwa. Da Zena hajawahi kupenda mambo ya kawaida tangu tukiwa wadogo. Wageni wa watu wanapelekwa kuangalia milima na kununua chokoleti, mimi kaniambia tu, "Mdogo wangu, Ijumaa vaa vizuri nakupeleka mahali." Nikavaa shati jeupe. Likumbukeni hilo shati.

Mahali penyewe panaitwa blindekuh, neno kwa neno ni ng'ombe kipofu, ila kwa Wajerumani ni jina la ule mchezo wa watoto wa kufungwa kitambaa machoni ukaanza kupapasa wenzako. Huo mgahawa uko pande za Seefeld, unapanda tramu ya kwenda Tiefenbrunnen, na jengo lenyewe zamani lilikuwa kanisa. Mi nilidhani ni mambo ya juzi ya watu wa Instagram, kumbe umefunguliwa Septemba 1999, simu zenyewe bado za kubonyeza. Hii migahawa ya giza ya Paris na London mnayoiona mitandaoni ilikuja nyuma yake, Paris 2004, London 2006. Na aliyekuja na wazo ni mtu asiyeona mwenyewe, mchungaji mmoja anaitwa Jorge Spielmann. Nyumbani kwake wageni walikuwa wanajifunga vitambaa machoni ili wale kama mwenyeji wao anavyokula, wakajikuta wanasikia ladha kuliko kawaida na wanasikilizana zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Zürich kulikuwa na maonyesho ya gizani, yale aliyoyabuni Andreas Heinecke huko Ujerumani mwaka 1988, ambapo asiyeona ndo anamshika mkono anayeona na kumtembeza. Basi wakina Spielmann wakaunda taasisi yao ya Blind-Liecht, mgahawa ukafunguliwa, na mwaka 2005 wakaongeza mwingine Basel. Lengo toka mwanzo lilikuwa ajira. Mle ndani wanaohudumu hawaoni kabisa au wanaona kwa shida, na pale ndo mahali ambapo kutoona hakukupunguzii kitu kazini, tena kunakufanya umzidi hata bosi anayeona.

Da Zena alinieleza haya yote kwenye tramu na hapo ndo nikaanza kupunguza dharau.

Menyu mnachagua nje kwenye mwanga. Unaweza kuchagua chakula unachokijua jina au ukachukua ile ya sapraizi, hujui unacholetewa mpaka umalize. Sasa sapraizi kwa Muislamu ni mtihani! Sahani ikiwa kwenye mwanga unaikagua, unageuza kipande, unauliza, ukitia shaka unaisogeza pembeni kistaarabu. Gizani unakula kwa imani tupu. Da Zena alishasema kwenye kuweka nafasi kwamba hatuli nguruwe na sosi isitiwe mvinyo, lakini mi nikarudia tena pale mapokezi, afu nikarudia tena, mpaka Da Zena akanifinya. Tukachukua sapraizi ya samaki, roho ikatulia.

Simu zinaingia kwenye kiloka, kile kikabati cha kufunga, na saa ya mkononi kama inang'aa nayo inaingia, kiberiti, kila kitu chenye uwezo wa kutoa hata cheche. Mtu wa siku hizi kutenganishwa na simu ni kama kuvuliwa nguo sokoni, nimeona jamaa mmoja kafunga kiloka kafungua tena mara tatu. Afu akaja mama aliyetuhudumia. Jina lake siandiki, sikumuomba ruhusa, ila kwa sauti ni mtu mzima wa makamo na anaongea Kiingereza cha taratibu. Akatupanga mstari, mi mkono begani kwake, Da Zena mkono begani kwangu, tukaondoka kama watoto wa chekechea wanaocheza treni. Pazia la kwanza. Pazia la pili. Basi.

Hilo giza silo la umeme kukatika. Umeme ukikatika nyumbani unakaa dakika mbili tatu macho yanazoea, unaanza kuona mlango, kabati, kichwa cha mtu, maana daima kuna mwanga kidogo unaingia mahali, wa nyota, wa gari la jirani, wa jiko. Na jicho lenyewe linaendelea kuzoea hadi nusu saa hivi. Pale nikasubiri nizoee. Nikasubiri. Nikafungua macho zaidi mpaka yakauma, hakuna kitu cha kuzoea, hakuna mwanga hata chembe wa jicho kuushika. Nikayafumba, sawasawa. Nikayafumbua, sawasawa. Moyo ukaanza kwenda mbio na niseme ukweli nilitaka kurudi nje, ila mkono wangu ulikuwa umeng'ang'ania bega la yule mama kiasi kwamba yeye mwenyewe kacheka, akasema pole pole, bado hatua sita, sasa kushoto, hiki hapa kiti, shika mgongo wake, kaa.

Nikakaa. Nikapapasa meza kama mtu anayetafuta hela iliyodondoka. Glasi, kitambaa, uma, kisu, mkono wa Da Zena (kapiga kelele).

Sasa jambo la kwanza lililonishangaza halihusu chakula. Da Zena alikuwa anasimulia habari za mume wake, mi namsikiliza vizuri kabisa, natikisa kichwa, natabasamu, afu ghafla akasema, "We mbona umenuna? Nimekosea nini?" Kumbe kule, kama hujasema kitu, haupo. Heshima yangu yote ya kumsikiliza dada yangu ilikuwa usoni na uso haupo. Ikabidi niwe naitikia kila sentensi, ehe, naam, kumbe, enhe, kama vile bibi zetu walivyokuwa wakipokea hadithi, na mazungumzo yakawa matamu ghafla. Tuliongea mambo ya marehemu mama mkubwa ambayo hatujawahi kuyaongea, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekuwa anamwona mwenzake akilia.

Supu ikaja. Supu ni rahisi, bakuli ni bakuli. Nikaapa ni maboga na nazi. Da Zena kaapa ni viazi vitamu.

Halafu ikaja sahani kubwa, na hapa ndo palipotokea maafa. Yule mama akaiweka mbele yangu akaeleza kilichomo kwa kutumia saa, ndo utaratibu wa watu wasioona kuelekezwa sahani, unaichukulia sahani kama uso wa saa ya ukutani. Samaki siksi oklok, viazi thrii oklok, bitiruti naini oklok, na kibakuli cha sosi twelvu. Rahisi sana. Mzungu yeyote anaelewa.

Mimi kichwani nikatafsiri. Mswahili akisikia thrii oklok anajua ni saa tisa, hata hufikirii, ni kama kupumua. Viazi viko saa tisa, nikaiwaza ile namba tisa kwenye saa ya sebuleni kwetu, ipo kushoto. Nikapeleka uma kushoto kwa kujiamini kabisa, nikachoma, nikatia mdomoni. Bitiruti. Nikasema labda nimekosea, ngoja nitafute samaki. Siksi oklok ni saa kumi na mbili, kumi na mbili iko juu, nikapeleka uma juu ya sahani kwa nguvu ya mtu mwenye njaa, nikakipiga kibakuli cha sosi, kikaruka sijui kilienda wapi ila nusu yake ilikuja kwangu.

Nikamwita yule mama nikamwambia samahani, nadhani sahani yangu mmeigeuza. Akaja, akaigusa ukingoni tu kwa vidole, akasema hapana, iko sawa. Nikabisha! Nabishana na mtu ambaye kaishi gizani maisha yake yote kuhusu kitu kilichopo gizani. Da Zena ndo kashtuka, akaanza kucheka mpaka kakohoa, akasema, "Wewe! Unasoma saa ya Kiswahili!" Akamweleza yule mama kwa Kijerumani kwamba kwetu siku inaanza asubuhi jua likichomoza, hivyo saa moja ni pale Mzungu anaposema saba, mshale ukiwa kwenye tatu tunasema saa tisa, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayeona ajabu. Kukawa kimya. Afu yule mama akauliza, kwa hiyo kwa huyu nimwambie viazi viko saa tisa? Da Zena akasema hapana, ukimwambia hivyo atatafsiri tena. Mwisho wakakubaliana aniambie kulia na kushoto kama mtoto.

Nimeishi na hizi saa mbili kichwani tangu darasa la kwanza na sikuwahi kujua kwamba jicho ndo lilikuwa linanisahihisha muda wote. Naangalia mshale, mdomo unasema unavyojua, kwisha. Ukiondoa jicho, neno linabaki peke yake na linakupeleka upande mwingine wa sahani.

Baada ya hapo uma nikauweka chini. Mtu wa Tanga anatafuta nini na uma gizani? Sisi tumelelewa tunakula samaki kwa mkono, changu mzima na miiba yake, kibatari kiko kule ukutani kinafuka moshi, na vidole ndo vinachambua, mwiba mdogo kama unywele unausikia kwenye ncha ya kidole kabla haujafika mdomoni. Na sinia moja watu sita, kila mtu anajua upande wake na haingilii wa mwenzie, hiyo nayo huwa huangalii, unaisikia tu. Mkono ukaingia sahanini na dunia ikanyooka. Huyu samaki, laini, hana mwiba hata mmoja, kachambuliwa kama wa mgonjwa. Hivi viazi, vidogo vya duara. Huu utelezitelezi ni bitiruti. Nikawa nakula kwa raha zangu, kimyakimya, nikidhani nimefanya siri. Baada ya muda nikamwuliza Da Zena, unatumia uma? Akajibu, "Uma niliuacha zamani, mdogo wangu, ungekuwa unasikia navyolamba vidole."

Na meza za jirani nadhani nao hivyohivyo, maana kelele za visu zilikuwa zimepungua sana ukilinganisha na mwanzo.

Upande wa kulia kwetu kulikuwa na kundi linabishana, Da Zena ananitafsiria, mmoja anasema mvinyo alioletewa ni mwekundu, mwenzie anasema ni mweupe, na wameagiza chupa moja. Mi hayo si mambo yangu ila baadaye nilisoma kwamba kuna watafiti Wafaransa, mwaka 2001, waliwapa wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo kule Bordeaux mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, na wale wanafunzi wakauelezea kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Watu wanaosomea! Kwa hiyo wale majirani zangu niliwasamehe.

Kitindamlo kikaja cha baridi, kichachu, chenye nyuzinyuzi. Nikasema ukwaju, huu ni ukwaju, hapa kuna mpishi wa kwetu, niapie. Nje walipotuambia tulichokula ikawa ni Rhabarber, mmea wao mmoja wa mashina mekundu ambao sijawahi kuuona wala kuusikia. Supu nayo ilikuwa ya karoti na tangawizi, hakuna boga wala nazi. Yaani ulimi ukikosa picha unakwenda stoo ya nyumbani unachukua kinachofanana.

Kuhusu chooni nitasema kifupi: inabidi umwite mhudumu akutoe, mkono begani, treni tena. Nilijibana masaa mawili. Na masaa yenyewe nilidhani ni moja.

Muda wote huo nilikuwa namfikiria maalim wetu wa chuoni, hapo mtaani kwetu. Alikuwa haoni. Alitufundisha watoto kama arobaini kwenye kibaraza kimoja, mnasoma wote kwa sauti kila mtu na sura yake, na wewe ukikosea irabu moja tu anataja jina lako. Alikuwa anajimiminia kahawa kwenye kikombe kile kidogo bila kumwaga tone, anajua nani kafika kwa mlio wa ndala. Sisi tulikuwa tunaamini anaona ila anaficha, mwenzetu mmoja alishawahi kumtolea ulimi kuhakikisha, na akachapwa, sijui alijuaje. Hakuna mtu mtaani aliyekuwa anamwonea huruma maalim. Tulikuwa tunamwogopa.

Ndo maana nina shaka kidogo na watu wanaotoka kwenye hii migahawa wakisema sasa nimejua maisha ya kipofu yalivyo. Umejua nini? Umejua siku ya kwanza, saa ya kwanza, ukiwa na mtu wa kukushika. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2015, aliyeuongoza Arielle Silverman mwenyewe haoni, uliokuta kwamba watu waliofungwa macho wakafanyishwa vitu walitoka wakiwaona wasioona kuwa hawawezi kazi wala kuishi wenyewe, kuliko hata wale ambao hawakufungwa. Wanapima kwa kule kubabaika kwao. Hiyo naielewa, maana mimi ningehukumiwa kwa kile kibakuli cha sosi, pale dunia ingesema Waswahili hawawezi kula. Ila kwenye huu mgahawa kuna tofauti moja, huyu mama alikuwa anapita kati ya meza na sahani tatu za moto bila kugusa mtu, anajua kiti kipi kina nani, anajua glasi yangu imeisha kabla mimi sijajua, na sisi tulioona maisha yetu yote tumekaa tunamsubiri kama makinda. Huwezi kutoka pale ukamwonea huruma. Ni kama kumwonea huruma rubani.

Chakula chenyewe? Kizuri tu, si cha kukuondoa duniani. Da Zena anapika samaki kuliko wao na nimemwambia. Bili alilipa yeye na hakunionyesha, kwa bei za Zürich naona alinifanyia hisani.

Tukatoka. Treni, pazia, pazia, na ile taa ndogo ya mapokezi ambayo wakati wa kuingia niliiona hafifu sasa ilinipiga usoni kama jua la saa saba. Da Zena akaniangalia kifuani akakaa chini kabisa kwa kicheko. Shati lote kuanzia ukosi mpaka kitovuni lilikuwa na bitiruti, zambarau iliyokoza, na juu yake michirizi ya sosi ya njano, utasema nimetoka kuchinja.

Yule mama alikuwa bado kasimama pembeni ya pazia, anasubiri kuchukua wageni wengine. Nikaona nisiondoke bila kumuaga. Nikamsogelea, nikanyoosha mkono, nikasimama pale na mkono wangu hewani nikitabasamu, sekunde tano, kumi, nikaanza kujiuliza kama nimemuudhi na yale mabishano ya sahani.

Da Zena akaninong'oneza, "Sema, we."

Nikasema. Akanyoosha mkono wake moja kwa moja mpaka kwenye wangu, akaushika, akausugua kidogo kwa kidole gumba, akacheka. Kiganja changu bado kilikuwa kinanata sosi.